Kupima Uaminifu wa Majarida ya Kuvutia Wastaafu Ughaibuni: Mafunzo ya Kihistoria kutoka Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Majarida yanayohimiza watu kustaafia nchi za nje yamekuwa chanzo cha taarifa kwa wastaafu, na wakati mwingine kwa washauri wa sera wanaotaka kuvutia fedha za pensheni. Makala haya yanachunguza namna ya kupima uaminifu wa maandishi ya aina hiyo kwa kurejea historia ya mpaka wa Kenya na Uganda, hususan eneo la Busia na Tororo, lililo magharibi mwa nyanda za juu zilizonadiwa kwa wageni tangu mwanzo wa karne ya 20. Hoja kuu ni kwamba hatari kubwa ya maandishi hayo haimo katika uongo wa wazi. Imo katika kauli za kweli zinazotolewa bila kutajwa muda wake, sheria inayozitawala, na watu wanaobeba gharama yake. Makala yanapendekeza vigezo vinne vya uhakiki na kuvitumia katika hali ya sasa ya mpakani.

Utangulizi

Kustaafia nchi ya kigeni ni uamuzi usiofanana na safari ya kitalii. Mtalii aliyedanganywa na jarida hupoteza wiki mbili na nauli. Mstaafu aliyeuza nyumba, akahamisha kiinua mgongo chake na kununua haki ya kukaa mahali pengine, hana mshahara wa mwezi ujao wa kurekebishia kosa. Kwa sababu hiyo, maandishi yanayomshawishi yanastahili uhakiki mkali kuliko ule unaotumiwa kwa matangazo ya kawaida.

Aina hii ya uandishi ina soko kubwa duniani. Jarida la International Living, lililoanza mwaka 1979, hutoa kila mwaka orodha inayozipanga nchi kwa ubora wake kwa wastaafu. Afrika Mashariki nayo imo katika mazungumzo hayo. Kanuni za uhamiaji za Kenya za mwaka 2012 ziliweka kibali cha daraja K kwa mgeni aliyetimiza umri wa miaka 35 na mwenye kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 za Marekani kwa mwaka. Kibali cha namna hiyo humlenga mtu anayeishi kwa pensheni au mapato ya vitega uchumi, naye ndiye msomaji ambaye majarida hayo humtafuta.

Hata hivyo, mjadala wa uaminifu wa maandishi haya huendeshwa kana kwamba jambo lenyewe ni geni. Historia inaonyesha vinginevyo. Kwa takriban miongo minne, kuanzia mwaka 1902, nyanda zilizo kati ya Bonde la Ufa na Mlima Elgon zilinadiwa Uingereza na kwingineko kama makazi ya watu wenye akiba, maofisa waliostaafu na familia za kitajiri. Mpaka wa Busia na Tororo ulichorwa katika kipindi hicho hicho, na ni mahali pafaapo pa kusimama ili kuyatazama maandishi hayo kutoka upande usiochapishwa.

Busia ni miji miwili yenye jina moja: mmoja ni wa Kenya na mwingine ni wa Uganda. Wilaya ya Busia ya Uganda ilikuwa sehemu ya Tororo hadi mwaka 1997. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili za mpaka, na ukoo mmoja unaweza kuwa na mashamba katika nchi mbili. Kwa wakazi hawa, maswali ambayo jarida la ughaibuni huyaruka, yaani ni sheria ipi inatumika, ni fedha ipi inapokelewa na ni hospitali ipi itakayomtibu mgeni, ni maswali ya kila siku.

Nchi iliyohama na jina lililobaki

Mfano wa kwanza unahusu jina. Reli ya Uganda ilifika Port Florence, yaani Kisumu, mnamo Desemba 1901. Wakati huo Kisumu ilikuwa katika Jimbo la Mashariki la Himaya ya Uganda, kwa hiyo jina la reli lilikuwa kweli kabisa. Tarehe 1 Aprili 1902 jimbo hilo lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mpaka uliokuwa mbali upande wa mashariki ukasogezwa magharibi, na mito ya Sio na Malaba ikawa sehemu ya alama zake. Reli haikusogea hata hatua moja, lakini Uganda iliondoka chini yake. Treni haikuingia tena katika ardhi ya Uganda kwa njia hiyo kuu hadi miaka ya 1920, reli ilipopitia Eldoret na kufika Tororo. Tawi la kwenda Soroti likafika huko mwaka 1929, na njia kuu ikafika Kampala mwaka 1931.

Mwaka huo huo wa 1902 Sir Harry Johnston, aliyekuwa Kamishna Maalumu wa Uganda kati ya 1899 na 1901, alichapisha kitabu chake cha juzuu mbili, The Uganda Protectorate. Johnston alizisifu nyanda za Mau na Nandi kuwa zinawafaa Wazungu kwa makazi. Msomaji wa London aliyekinunua kitabu hicho alikuwa anasoma habari za ardhi ambayo, kabla mwaka haujaisha, ilikuwa imekwishahamia chini ya utawala mwingine, kamishna mwingine na sheria nyingine za ardhi. Sheria ya Ardhi ya Kifalme ya Himaya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1902 ndiyo iliyokuja kuongoza ugawaji wa mashamba, na Kamishna Sir Charles Eliot ndiye aliyewakaribisha walowezi.

Johnston hakudanganya kuhusu mpaka. Aliandika kweli iliyokuwa karibu kumalizika. Hapa mhakiki anapata funzo la kwanza: kauli kuhusu nchi ya kuhamia lazima isomwe pamoja na tarehe yake na pamoja na chombo cha kisheria kinachoifanya iwe kweli. Jina la mahali peke yake halitoshi kuwa ushahidi.

Mashahidi watatu wa Uasin Gishu

Mfano wa pili unaonyesha kwamba uhakiki uliwezekana hata katika zama hizo. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alipendekeza kwa Theodor Herzl kwamba Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi wapewe eneo la makazi Afrika Mashariki. Mpango huo ulijulikana, na bado unajulikana, kama Mpango wa Uganda, ingawa uwanda wa Uasin Gishu uliofikiriwa ulikuwa umekwisha kuondolewa Uganda mwaka mmoja kabla. Jina lililopitwa na wakati liliendelea kufanya kazi katika kumbi za mikutano za Ulaya.

Mkutano wa Sita wa Wazayuni uliofanyika Basel Agosti 1903 haukuikubali ardhi hiyo kwa maelezo ya barua. Kwa kura 295 dhidi ya 178, wajumbe waliamua kupeleka tume ikaone. Mapema mwaka 1905 watu watatu walikagua uwanda huo: Meja Alfred St Hill Gibbons, Mwingereza mwenye uzoefu wa upelelezi wa kijiografia Afrika, Alfred Kaiser, Mswisi, na Nahum Wilbusch, mhandisi kutoka Urusi. Walitembea katika eneo moja na kwa msimu mmoja, lakini hawakuleta jibu moja. Gibbons aliona uwezekano wa makazi kwa masharti. Kaiser na Wilbusch waliona kwamba pendekezo hilo halifai. Mkutano wa Saba wa mwaka 1905 ukalikataa.

Tofauti hiyo ya maoni inaweza kusomwa kama udhaifu wa ushahidi. Kwa mwanahistoria, hiyo ndiyo thamani yake. Ripoti ilibeba majina ya mashahidi watatu, ilitenganisha alichokiona mmoja na alichokiona mwingine, na ilimwachia msomaji nafasi ya kuuliza kwa nini wametofautiana. Jarida la kunadi makazi halifanyi hivyo. Hutoa sauti moja yenye uhakika, na mara nyingi sauti hiyo ni ya mtu ambaye ameshahamia na kwa hiyo ana sababu ya kuutetea uamuzi wake.

Hata tume hiyo makini iliacha pengo. Swali lake lilikuwa kama ardhi ingetosha kwa wageni, na uwanda ulizungumzwa kana kwamba haukuwa na mwenyewe. Lakini uwanda huo ulikuwa na historia ya Wamaasai wa Uasin Gishu na malisho ya Wanandi, ambao walikuwa wakipigana na Waingereza tangu miaka ya 1890. Kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa Oktoba 1905, miezi michache tu baada ya mkutano wa Basel. Utupu wa nchi ulikuwa dai, na kila dai la utupu linahitaji kuulizwa ni nani aliyekuwapo na ameondokaje.

Bango la reli na malale ya ziwani

Mfano wa tatu unahusu afya. Karibu na mwaka 1908 Reli ya Uganda ilitangaza kwa bango maarufu kwamba nyanda za juu za Afrika Mashariki ya Kiingereza zimekuwa mtindo miongoni mwa watu wa tabaka la juu kama makazi ya msimu wa baridi. Bango hilo lilipambwa kwa wanyama wa porini. Kwa lugha ya leo, liliuza hali ya hewa, hadhi na burudani kwa mtu asiyelazimika kufanya kazi. Ni babu halisi wa jarida la wastaafu.

Hakuna neno la bango hilo linaloweza kuitwa uongo. Nyanda za juu zina baridi nzuri, na matajiri kadhaa walikuwa wamekwenda. Lakini reli iliyolipa gharama ya bango ilikuwa na haja ya abiria, na njia yake iliishia kwenye ziwa lililokuwa katika msiba. Mwaka 1901 madaktari ndugu Albert na Jack Cook wa hospitali ya Mengo walitambua wagonjwa wa kwanza wa malale Uganda. Mwaka 1903 David Bruce alionyesha uhusiano wa ugonjwa huo na mbung'o. Busoga, visiwa vya ziwa na ukanda wa pwani hadi Samia vilipoteza watu wengi. Kwa makadirio ya kawaida waliokufa katika janga hilo ni zaidi ya 200,000. Kuanzia mwaka 1906 Gavana Hesketh Bell aliendesha mpango wa kuwahamisha watu kutoka ufukweni mwa ziwa upande wa Uganda.

Yaani katika miaka ambayo bango liliwaalika wageni wapumzike mashariki, wenyeji wa ukanda wa ziwa magharibi walikuwa wanaondolewa makwao kwa sababu ya ugonjwa. Taarifa zote mbili zilikuwa za serikali ile ile ya kifalme na zilisafiri kwa meli zile zile. Hazikukutana katika ukurasa mmoja, kwa sababu ripoti ya tiba iliandikwa kwa ajili ya watawala na bango liliandikwa kwa ajili ya wateja.

Hapa panapatikana kanuni muhimu ya kazi ya uhakiki: maandishi ya kunadi hupimwa vyema kwa hati zilizoandikwa kwa lengo jingine. Ripoti ya afya, gazeti rasmi la serikali, ratiba ya treni na daftari la kodi havikuandikwa ili kumpendeza mhamiaji. Ndiyo maana vinaweza kumsaidia.

Wenye pensheni: 1919 hadi 1937

Mfano wa nne unakaribia zaidi suala la kustaafu. Lord Cranworth, mlowezi mwenye maslahi ya moja kwa moja katika koloni hilo, alichapisha mwaka 1912 kitabu A Colony in the Making. Toleo lake la mwaka 1919 lilipewa jina jipya, Profit and Sport in British East Africa. Badiliko hilo la jina linaeleza soko lililokuwa linatafutwa baada ya vita. Mwaka huo huo wa 1919 serikali ilianzisha mpango wa kuwapa askari wastaafu mashamba, na bahati nasibu ya kuyagawa ikafanyika Nairobi na London. Huko Kericho, katika ardhi ya Wakipsigis, kundi la maofisa waliolemazwa na vita lilianzisha koloni lao kwa matumaini ya kilimo cha kitani pamoja na pensheni zao za jeshi.

Mambo matatu yaliharibu hesabu za wengi. La kwanza ni fedha. Rupia 15 zilikuwa sawa na pauni 1 wakati wengi walipopiga hesabu zao. Mwaka 1920 thamani ilithibitishwa kuwa rupia 10 kwa pauni. Aliyekuwa na deni la rupia 15,000, ambalo zamani lilikuwa pauni 1,000, sasa alidaiwa pauni 1,500 bila kukopa hata senti zaidi. La pili ni soko: bei ya kitani ilianguka vibaya mara baada ya kipindi cha neema ya vita, na koloni la Kericho likashindwa. Baadaye eneo hilo likawa la chai.

La tatu ni nguvu kazi, na hapa mpaka unarudi katika simulizi. Maandishi ya kunadi makazi yaliahidi vibarua wa bei nafuu kana kwamba walikuwa sehemu ya hali ya hewa. Kiasi kikubwa cha vibarua hao kilitoka Kavirondo, likiwamo eneo ambalo leo ni kaunti ya Busia. Upande wa pili wa mto Malaba, wakulima wa Bukedi, ambako Tororo ikawa makao ya utawala, walikuwa wameingia katika kilimo cha pamba na walikuwa na njia yao ya kupata fedha ya kodi. Mwaka 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka ulioagiza maofisa wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, hatua iliyozua malalamiko hadi Uingereza. Kama vibarua wangepatikana kwa wingi na kwa hiari kama ilivyochapishwa, waraka huo haungehitajika. Hati ya utawala ilikanusha kimyakimya ahadi ya mnadi.

Katika miaka ya 1920 na 1930 uandishi huu ulipata vyombo vya kudumu. Jarida la kila wiki East Africa, lililoanzishwa London mwaka 1924 na F. S. Joelson, lilisomwa na watu wenye maslahi ya biashara na makazi katika eneo hili. Walowezi nao waliwageukia maofisa wa Kiingereza waliokuwa wakistaafu kutoka India. Kenya ilikuwa na sifa iliyowafaa sana watu wa pensheni: haikuwa na kodi ya mapato, isipokuwa jaribio fupi la mwanzoni mwa miaka ya 1920 lililoachwa upesi. Sifa hiyo ilikoma mwaka 1937, kodi ya mapato ilipowekwa. Mwafrika wa Busia au Tororo, kwa upande wake, alikuwa analipa kodi ya kibanda na ya kichwa muda wote huo. Nchi iliyonadiwa kuwa haina kodi ilikuwa haina kodi kwa msomaji wa jarida tu.

Vigezo vinne

Kutokana na mifano hiyo, vigezo vinne vinaweza kupendekezwa kwa mtafiti au mshauri wa sera anayekutana na jarida la kuvutia wastaafu.

Kigezo cha kwanza ni mlipaji. Inafaa kuuliza nani anagharamia ukurasa, na anapata nini msomaji akihama. Reli iliuza tiketi, na mlowezi mwenye ardhi alinufaika bei ya ardhi ilipopanda. Jarida la leo linaloishi kwa matangazo ya viwanja, semina na huduma za uhamisho lina haja ya msomaji aondoke, wala halipati hasara akijuta.

Kigezo cha pili ni muda. Kila kauli ya gharama, kodi, afya au sheria iandikwe pembeni pamoja na swali: ilikuwa kweli lini, na nani ana uwezo wa kuibadilisha? Kauli ambayo bunge, benki kuu au wizara inaweza kuibadilisha katika siku moja haifai kupewa uzito sawa na kauli kuhusu mwinuko wa mlima.

Kigezo cha tatu ni ukimya. Orodha ya mambo yaliyoachwa ni ushahidi sawa na orodha ya yaliyosemwa. Katika maandishi yaliyochunguzwa, ukimya uliangukia mahali pale pale kila mara: magonjwa, wenye ardhi wa awali, na namna kazi ilivyopatikana.

Kigezo cha nne ni hati pinzani. Kauli iaminiwe kwa kadiri inavyothibitishwa na hati isiyokuwa na haja ya kumshawishi msomaji huyo. Mashahidi wawili wanaopingana kwa majina yao wana manufaa zaidi kuliko shahidi mmoja asiye na shaka.

Vigezo hivyo mpakani leo

Vigezo hivyo vikipimwa katika hali ya sasa ya Busia na Tororo, vinaonyesha mambo ambayo orodha za kila mwaka haziwezi kuyabeba.

Kwanza ni ardhi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 65, inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodi tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 nayo inamwekea asiye raia kikomo cha kukodi kwa miaka 99. Masharti haya hayamhusu Mzungu peke yake. Mwalimu mstaafu wa Busia ya Kenya akivutiwa na kiwanja upande wa pili wa barabara, anakuwa mgeni kisheria katika mji wenye jina la mji wake. Tangazo linalosema umiliki ni rahisi bila kutaja aina ya umiliki limeshindwa kigezo cha tatu.

Pili ni haki ya kukaa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018. Mambo haya hutajwa kwa kawaida kama ushahidi kwamba mipaka imefunguka. Lakini ibara ya 14 ya Itifaki inaifungamanisha haki ya kukaa na mtu aliyeingia kama mfanyakazi au kwa haki ya kuanzisha shughuli. Mstaafu, ambaye kwa tafsiri ya jina lake ameacha kazi, hana mlango wake mwenyewe katika ibara hiyo. Matumizi ya ardhi na ukaazi wa kudumu vimeachwa chini ya sheria za kila nchi. Urahisi wa kuvuka mpaka na haki ya kuzeekea ng'ambo yake ni mambo mawili tofauti.

Tatu ni pensheni yenyewe. Mstaafu wa Uingereza anayeishi Kenya au Uganda hapandishiwi pensheni yake ya serikali kila mwaka kama anavyopandishiwa aliyebaki nyumbani. Hubaki na kiwango alichoanza nacho au alichohamia nacho. Jarida linalolinganisha gharama za maisha za mwaka mmoja tu humficha mtu huyo jambo ambalo litamgusa zaidi akifikisha miaka 80. Historia ya mkoa huu ina onyo lake pia. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wa mashirika yake, reli ikiwa mojawapo, walijikuta pensheni zao zimefungamana na mgawanyo wa mali ambao makubaliano yake, chini ya usuluhishi wa Victor Umbricht, yalitiwa saini mwaka 1984. Kwa mji wa reli kama Tororo, somo hilo halikuwa la vitabuni: ahadi ya pensheni ina nguvu ya taasisi iliyoitoa, na taasisi huweza kufa kabla ya mstaafu.

Nne ni afya. Malale yalirejea Tororo kwa kishindo mwishoni mwa miaka ya 1980. Aidha, eneo la Nagongera katika wilaya ya Tororo lilijulikana kwa watafiti kwa maambukizi makubwa sana ya malaria, hadi upuliziaji wa dawa katika nyumba, ulioanza mwishoni mwa 2014, ulipoyapunguza kwa kiasi kikubwa. Aliyeandika mwaka 2012 kwamba eneo hilo ni hatari kwa mzee alisema kweli. Aliyeandika miaka michache baadaye kwamba hali imebadilika naye alisema kweli. Kauli zote mbili hutegemea kampeni inayogharamiwa kila mwaka. Vivyo hivyo kwa matibabu: vituo vya serikali vya Uganda viliondoa ada za wagonjwa mwaka 2001, ilhali Kenya iliingia katika mfumo wa Mamlaka ya Afya ya Jamii Oktoba 2024, mfumo uliojengwa juu ya michango na vituo vyenye mkataba. Mtu anayehama kutoka upande mmoja kwenda mwingine anabadilisha msingi mzima wa matibabu yake, jambo ambalo alama za nyota katika orodha haziwezi kulieleza.

Hitimisho

Maandishi ya kuvutia wahamiaji yaliyozungumzia nyanda za mashariki mwa Busia na Tororo kati ya 1902 na 1937 hayakuwa mkusanyo wa uongo. Mengi yalikuwa kweli kwa siku yalipopigwa chapa, kwa msomaji aliyelengwa, na kwa sheria iliyokuwapo. Madhara yalitokea pale kweli hiyo fupi ilipochukuliwa kuwa msingi wa maisha marefu, na pale watu waliobeba gharama yake walipobaki nje ya ukurasa.

Kwa watunga sera mambo matatu yanafuata. Serikali inayotaka kuvutia wastaafu isitumie orodha za majarida kama kipimo cha mafanikio yake, kwa kuwa orodha hizo hupima mvuto wa mahali, wala hazipimi hatima ya waliohamia. Pili, vituo vya pamoja vya Busia na Malaba, ambavyo tayari vina maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja, vinafaa kutoa waraka mfupi wa pamoja, kwa Kiswahili na lugha za eneo, unaoeleza masharti ya ardhi, ukaazi, pensheni na matibabu kwa kila upande, ukiwa na tarehe ya kutolewa na tarehe ya kukaguliwa upya. Tatu, Jumuiya ya Afrika Mashariki inapaswa kumtaja mstaafu waziwazi katika taratibu za ukaazi na uratibu wa hifadhi ya jamii. Bila hilo, mzee anayetaka kumalizia siku zake kwa ndugu zake ng'ambo ya mto Sio ataendelea kuongozwa na tangazo la kiwanja, na tangazo hilo halina wajibu wowote kwake baada ya fedha kulipwa.